Nyumba Isiyofunga Mlango

Mwaka 1992, mtoto yatima aliyeishi na virusi vya UKIMWI jijini Nairobi hakuwa na milango mingi ya kubisha. Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari kutoka Marekani, alimfungulia mmoja: makao ya Nyumbani, aliyoyaanzisha pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Leo yako Karen.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kuzika. Dawa za ARV zilikuwa ghali kupita kiasi, na imani ya walezi ilipimwa kando ya vitanda vya watoto.

Zilipofika dawa, ulibaki ukuta mwingine. Shule za umma ziliwakataa watoto hao, padri akaenda mahakamani, na Januari 2004 serikali ikakubali wapokewe. Hapa ndipo anapostahili pongezi kubwa zaidi: huruma yake haikuishia kwenye sahani ya chakula, ilidai haki.

Nje ya makao, tangu 1998, mpango wa Nyumbani uitwao Lea Toto umewafuata watoto wenye virusi mitaani kwao, Kangemi, Kawangware na Dagoretti, wakiwa bado mikononi mwa shangazi na nyanya zao. Wahudumu huleta matibabu, lishe na ushauri nasaha. Kitui nako kikajengwa Kijiji cha Nyumbani, ambako yatima huishi na wazee waliofiwa na watoto wao.

Padri alifariki Novemba 2006. Kazi inaendelea, na baadhi ya watoto aliowapokea sasa ni watu wazima wenye kazi zao.