Msikilize wa Pili

Ukialikwa Kamalondo au Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, si nchi) kuwasikiliza wapiga gitaa wawili wa mtindo wa zamani, kaa unapoona vidole, mbali na spika. Usiwapime kwa kasi. Kasi ni mali ya vijana, na bia huisaidia.

Anza na kidole gumba. Gitaa la Katanga hupigwa kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume: gumba hushika besi, cha shahada hupamba juu. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, "Masanga" ilisikika kana kwamba wamekaa watu wawili. Bosco alikuwa peke yake.

Sasa, ikiwa mmoja anatosha kuwa wawili, huyu wa pili amekuja kufanya nini? Wengi hujibu kwa kujaza kila pengo, na baada ya nyimbo tatu masikio yamechoka. Wanaojua hugawana shingo ya gitaa. Mmoja anapiga chini, mwenzake amefunga penseli kwa uzi vituo vichache juu zaidi, wasikanyagane. Huyu akipamba, yule anarudi kwenye besi. Pengine ananyamaza mzunguko mzima, na mimi alama zangu huziweka hapo. Mfuate wa pili peke yake kwa ubeti mmoja: ukiweza kuimba alichopiga, ni fundi. Usipoweza, alikuwa anatwanga tu.

Maneno nayo yasikike. Edouard Masengo, binamu yake Bosco, alipitia Jecoke, kundi la wacheza ngoma na wachekeshaji, na uimbaji wake ulikuwa karibu na masimulizi. Wote wawili walifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiga gitaa wa Kenya (nchi, safari hii) wakachota kwao. Gitaa likimeza neno, kosa ni la gitaa.

Mgonga chupa anayewashikia mdundo akikimbia, mvumilie; huenda kazoea harusi.

Kisha omba uzi wa gitaa ukatike. Waliopiga pamoja miaka mingi hawasimami: mmoja anabeba besi na mapambo, mwenzake anafunga uzi akiendelea kuitikia, na wachezaji hata hawageuki. Ukiliona hilo, toa matabishi (bakshishi), na mkono wako uanze kwa wa pili.