Madeleine na sahihi ya mchoraji

Picha ya rangi ya mafuta ambayo Marie-Guillemine Benoist aliionyesha Paris mwaka 1800 ina kimo cha sentimita 81 na upana wa 65. Mwanamke mweusi ameketi. Mwili umekaa upande, uso umetuelekea. Nyuma yake hakuna dirisha, pazia wala mti, ni ukuta mtupu wa rangi hafifu, na hapo ndipo ilipo nguvu ya picha. Kilemba cheupe na shuka jeupe vinaelekea kumezwa na ukuta huo, hivyo jicho halina pa kukimbilia ila kwenye ngozi: paji la uso, shingo, bega. Na ngozi hiyo haikupakwa weusi wa mkupuo mmoja. Imejengwa kwa kahawia juu ya kahawia, mwanga ukiteleza begani.

Aliyekulia Jinja au Mbale anaufahamu mkao huu kutoka picha za studio: mama kitini, gomesi imepigwa pasi, mshipi umekazwa, macho hayamkwepi mpiga picha. Ila yule mama alichagua mwenyewe vazi lake. Huyu ameachwa titi nje. Wapo wanaosema ni desturi ya kuchora Uhuru kwa umbo la mwanamke, na kweli buluu ya shali, weupe wa shuka na wekundu wa utepe ni rangi za bendera ya Ufaransa, nchi iliyofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794 na kuurudisha mwaka 1802. Hoja hiyo hainitoshi. Benoist huyo huyo alipomchora Pauline, dada wa Napoleon, mwaka 1808, alimvika gauni la kitajiri.

Kinachoniuma zaidi ni sahihi. Mchoraji ameandika jina la ukoo wa baba yake, akaongeza na la mumewe. Aliyechorwa hakupewa hata moja; anwani ya picha ilitaja rangi yake tu. Louvre wanayo tangu 1818, lakini ni katika maonyesho ya Musée d'Orsay ya mwaka 2019 ndipo ilipoitwa Picha ya Madeleine, mtumishi aliyetoka Guadeloupe.

Nawe uliye na picha ya studio ya bibi yako, igeuze, uandike jina lake nyuma.