Pongezi kwa Walimu wa Baridi ya Kibo

Sisi wa Ngamiani baridi yetu ni upepo wa kusi wa Julai. Ila reli iliyoanzia hapa Tanga ilifika Moshi, chini ya Kilimanjaro, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mlima ule ni wetu pia. Nawapongeza waongoza wageni wa Kilimanjaro, maana hao ni walimu.

Kijana huanza na upagazi, akawa msaidizi, ndipo aongoze. Darasa lake ni njia yenyewe: msituni mvua, juu maji yanaganda, na jua la saa nne laweza kufunikwa na ukungu kabla ya adhuhuri. Hufundishwa kwamba shati la pamba likilowa humpokonya mtu joto. Kwamba chupa ya maji hugeuzwa mdomo chini, kwani barafu huanzia juu. Kwamba safari ya kileleni Kibo, mita 5,895, huanza karibu na usiku wa manane, changarawe ikiwa imeshikamana kwa baridi.

Gumu zaidi ni kumsoma mgeni anayeugua kwa kimo cha mlima. Anayepepesuka, anayejibu ovyo, anayekohoa povu, haambiwi apumzike. Anateremshwa papo hapo, hata kilele kikionekana, hata akilia kwamba amelipa fedha nyingi. Ujasiri wa kusema “turudi” nauheshimu kuliko kupanda kwenyewe. Wakongwe waliwarithisha vijana elimu hii kwa kutembea nao, zamani kabla ya vyeti. Wote wanastahili ujira mzuri, viatu madhubuti na bima.