Subira ya Kusoma Mfupa

Mara nyingi kazi ya kusoma vinasaba vya watu wa kale huanzia kwenye mfupa unaozunguka sikio la ndani, mmoja wa mifupa migumu kuliko yote mwilini. Kwa joto na unyevu wa Kilwa Kisiwani, mifupa mingine hupoteza vinasaba upesi. Huu hubakiza kitu. Fundi wa maabara huvaa suti, barakoa na glovu kabla ya kuugusa, kwani tone la mate yake laweza kuwa na vinasaba vingi kuliko sampuli nzima. Huparuza uso wa mfupa, kisha huutoboa polepole usipate moto, akakinga unga wa miligramu chache. Unga huo hulowekwa usiku kucha katika dawa ya kuyeyusha chokaa. Kinachopatikana ni vipande vifupi vilivyochakaa ncha, naye huufurahia uchakavu huo: ndio alama kwamba kipande ni cha kale, si cha mchimbaji wala chake mwenyewe.

Ndivyo walivyosomwa watu 80 wa kale wa pwani ya Waswahili, wakiwemo wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Mwaka 2023 Esther Brielle, Chapurukha Kusimba na wenzao walichapisha matokeo katika jarida la Nature: Waafrika, hasa upande wa akina mama, na Waasia, hasa wanaume wa Kiajemi, walianza kuchanganya damu takriban mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, wahamiaji kutoka Uajemi, walikuwa na lao.

Usomaji huu wa nasaba ndio unaomfaa mtafiti wa jeni za ulevi. Jeni ya ADH1B huongoza utengenezaji wa kimeng'enya kinachovunja pombe. Baadhi ya aina zake huivunja haraka mno, sumu ikajaa, moyo ukaenda mbio, mnywaji akaweka kikombe chini. Aina moja imeenea Asia ya Mashariki. Nyingine hupatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika. Ukilinganisha walevi na wasiokunywa bila kujua nasaba zao, utadhani umepata jeni ya ulevi, kumbe umeona asili ya mababu tu. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu husoma kwanza maelfu ya herufi za vinasaba vya kila mtu, apate nasaba yake, ndipo ahesabu. Na hata hapo jeni moja husogeza hatari kidogo tu. Dhiki na marafiki wana sehemu yao.

Tafiti nyingi za namna hii zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na majibu yao hayaitoshi pwani yenye damu kama yetu. Na uraibu upo kwetu pia, si wa pombe tu: Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, inawatibu waraibu wa heroini kwa methadoni tangu mwaka 2011. Basi vyuo vyetu viwafundishe vijana wa Kilwa na Lindi kazi hii, waifanye hapa hapa.