Nyongeza, Kifurushi au Kiendelezi? Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya Kompyuta

Istilahi hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa mezani, mbele ya wataalamu, ambapo huulizwa kama inafuata sarufi, kama ina asili katika Kiswahili au katika lugha nyingine za Kibantu, na kama haigongani na istilahi iliyokwisha kutumika. Mara ya pili hupimwa kazini, ndani ya sentensi inayomwelekeza mtu afanye jambo. Makala haya yanatumia kipimo hicho cha pili. Jambo linalohakikiwa ni dogo kwa sura, nalo ni lugha inayotumika kumweleza mtumiaji namna ya kutia nyongeza katika programu ya kuandikia.

Hatuanzi na uwanja mtupu. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya kutafuta na kusanifu istilahi imekuwa miongoni mwa majukumu yake. Kwa upande wa kompyuta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata kwa kutoa sura za Kiswahili za programu zake. Kwa hiyo maneno yapo, tena ni mengi. Kilichopungua ni uangalifu wa kuyapanga yanapokutana katika ukurasa mmoja.

Ili tusizungumze hewani, na tutazame haja yenyewe mahali inapotokea. Makambako ni njia panda: barabara iendayo Njombe na Songea hukutana hapo na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya TAZARA hupita. Katika miji kama huo, na katika Njombe iliyo makao ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, mwananchi mwenye shida ya kuandikiwa barua rasmi, mkataba wa kuuziana mbao, mtihani wa shule au muhtasari wa mkutano wa kijiji huenda kwenye duka la steshonari. Maandishi hayo ni ya Kiswahili. Lakini ikiwa programu haina orodha ya maneno ya Kiswahili, huyalinganisha na Kiingereza, na ukurasa mzima hujaa mistari myekundu. Mchapaji huzoea kuipuuza. Siku anapoandika “mkatba” mahali pa “mkataba”, kosa hilo nalo hupita, kwa kuwa alama yake haina tofauti na alama za maneno yaliyo sahihi.

Dawa ipo. Programu ya LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010 ikitokana na OpenOffice, inayo nyongeza ya kukagua tahajia ya Kiswahili, yenye alama ya sw_TZ. Nyongeza za namna hiyo hutolewa zikiwa zimefungwa katika faili moja ambalo jina lake huishia na herufi oxt. Kuitia katika programu ni kazi ya dakika chache, ilimradi mwongozo unaeleweka. Hapo ndipo lugha inapoingia mashakani.

Tuchukue sentensi ya namna hii, tuliyoitunga kwa maneno yanayotumika katika tafsiri za leo: “Pakua kifurushi cha kiendelezi, kisha sanidi programu-jalizi.” Kila neno katika sentensi hii limeundwa kwa Kiswahili fasaha. Hata hivyo msomaji wa Makambako hatajua aguse nini.

Neno “kifurushi” lina asili safi, kwani furushi ni vitu vilivyofungwa pamoja. Lakini kampuni za simu zimekwisha kulichukua. Leo kifurushi ni muda wa maongezi na data zinazonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi. Anayeambiwa “pakua kifurushi” ana haki ya kudhani kuwa anatakiwa kulipa kwanza. Wakati furushi la vitu na kifurushi cha simu hutenganishwa na muktadha, kifurushi cha simu na kifurushi cha kompyuta huishi katika muktadha mmoja wa mtandao. Kwa hiyo mgongano wao ni mbaya zaidi.

“Kiendelezi” kina matatizo mawili. Kwanza, neno hilo hilo hutumika kwa herufi zinazofuata nukta katika jina la faili. Hivyo mwongozo waweza kumwambia msomaji atafute kiendelezi chenye kiendelezi cha oxt. Pili, walimu wetu wamezoea kumwambia mwanafunzi “endeleza neno”, maana yake alitaje herufi kwa herufi. Katika nyongeza inayohusu tahajia yenyewe, utata huo hauvumiliki.

“Programu-jalizi” ni istilahi iliyofikiriwa vizuri. Kujaliza ni kukijaza kilichopungua, na walimu wa sarufi wanalo neno “kijalizo”. Lakini orodha ya maneno ya kukagulia tahajia hasa si programu. Ni hazina ya maneno inayosomwa na programu. Yafaa istilahi hii ibaki kwa nyongeza ambazo zenyewe ni programu.

Tukigeukia vitenzi, twakuta “sakinisha”, “sanidi” na “weka” vikipokezana bila sababu. “Sakinisha” ni neno la kupongezwa. Mzizi wake ndio wa “maskani”; kuisakinisha programu ni kuipa makazi katika mashine, na maana hiyo hufundishika darasani kwa sentensi moja. “Sanidi” lina kazi yake nyingine, ya kurekebisha mipangilio ya kitu kilichokwisha kuwapo. Baadhi ya tafsiri huita kuweka “kusakinisha” na kuondoa “kusanidua”, kana kwamba mlango wa kuingilia na wa kutokea ni wa nyumba mbili. Mafundi wa mitaani wao husema “kupiga windo” wanapoweka upya mfumo wa kompyuta. Usemi huo hautafaa katika mwongozo rasmi, lakini unatukumbusha kuwa watu hawakai kutungoja.

Kutokana na hayo tunapendekeza mgawanyo ufuatao: “nyongeza” iwe jina la jumla la kitu kinachotiwa, “faili la nyongeza” liwe kile kilichofungwa na kubebeka, “sakinisha” liwe tendo la kutia, “ondoa” liwe kinyume chake, na “sanidi” libaki kwa kurekebisha. Watumishi wa serikali watauliza kuhusu nyongeza ya mshahara. Hizo mbili hazikutani katika sentensi moja, hivyo hazidhuriani.

Kwa mgawanyo huo mwongozo waweza kuandikwa hivi:

1. Pata faili la nyongeza ya tahajia ya Kiswahili. Waweza kulipakua mtandaoni au kulinakili kutoka katika flashi.
2. Fungua LibreOffice. Katika menyu ya zana, fungua orodha ya nyongeza.
3. Bonyeza kitufe cha kuongeza, kisha chagua faili lako. Masharti yakitokea, yasome na uyakubali.
4. Funga programu yote, kisha ifungue upya.
5. Teua maandishi yako, uyape lugha ya Kiswahili (Tanzania).

Hatua ya tano aghalabu husahauliwa na waandishi wa miongozo. Pasipo hatua hiyo nyongeza imesakinishwa lakini haifanyi kazi, kwani maandishi bado yamehesabiwa kuwa ya Kiingereza, na mtumiaji hudhani amedanganywa. Hatua ya kwanza nayo ina funzo. Vihariri vya waandishi wa programu, kama Emacs tangu toleo la 24 la mwaka 2012, huweza kuleta nyongeza moja kwa moja kutoka ghala la mtandaoni. Mfasiri asidhani njia hiyo ndiyo pekee. Panapokuwa na data kidogo, faili moja husafiri kwa flashi kutoka duka hadi duka.

Jambo la mwisho ni majina ya vitufe. Mara nyingi mwongozo huwa wa Kiswahili ilhali skrini ni ya Kiingereza. Mfasiri akitafsiri jina la kitufe peke yake, msomaji hukitafuta asikione. Hapana budi jina liandikwe kama lilivyo kwenye skrini, na Kiswahili kieleze kazi yake.

Hatusemi kwamba wasanifu walikosea kuunda maneno haya. Tunasema kwamba orodha ya istilahi haijawa mwongozo mpaka mchapaji mmoja asiyekuwapo katika kikao aifuate tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho bila kumwita mtu. Mfasiri mwenye mswada wa namna hii na aupeleke kwanza kwa mchapaji huyo, ndipo aupeleke kwa mpiga chapa.