Sarafu na Wenye Kuzipenda

Mtu asiyeijua fani hii, akimwona mwenzake amejitenga jioni na kisanduku cha mbao, akizitoa sarafu moja moja na kuzilaza juu ya kitambaa, hudhani kwamba anahesabu mali. Kumbe sarafu zote zile, lau angalizipeleka dukani, pengine zisingalimpatia hata kibaba cha mchele. Nimekaa na wakusanyaji wa sarafu miaka mingi, na mimi mwenyewe ni miongoni mwao, nami nashuhudia kwamba kila mmoja wao ana mapenzi yake, na kwamba mapenzi hayo huifichua tabia yake kuliko maneno yake.

Yuko fundi saa mmoja wa Tanga ambaye hataki ila mfululizo uliotimia. Yeye ameshika sarafu za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1921, za shilingi na senti, nazo amezipanga kwa mwaka na kwa alama ya kiwanda, hata pengo moja katika safu humnyima usingizi. Kwa muda mrefu aliitafuta senti kumi ya mwaka 1936 yenye herufi KN, na kisa chake kinastahili kuelezwa. Mfalme Edward VIII wa Uingereza hakutawala hata mwaka mzima, akajiuzulu mwezi wa Desemba 1936, na fedha za kwao zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini senti zetu, kwa kuwa zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya sura ya mfalme yeyote, zilihitaji jina lake tu, basi zikapigwa London na Birmingham, zikaletwa kwetu, na jina la mfalme aliyeacha kiti likanunua muhogo na dagaa katika masoko ya pwani na bara. Siku fundi alipoipata ile KN alinitumia mtoto kuniita, nami nilipofika nilimkuta ameiweka peke yake katikati ya meza, taa imesogezwa karibu.

Wapo pia wanaoshughulika na sarafu ya namna moja tu, wakiitazama kwa kioo cha kukuzia. Mtu wa namna hii hupendelea zile za Tabora za mwaka 1916, ambazo Wajerumani, walipokatiwa njia ya bahari na vita, walizipiga katika karakana ya reli: heller za shaba na za shaba nyeupe, na rupia kumi na tano za dhahabu zenye tembo, ambazo idadi yake ilikuwa 16,198. Ukimsikiliza atakueleza kwa furaha ya kweli jinsi pambo la pembeni linavyoishia chini ya herufi T katika baadhi yake, na chini ya A katika nyingine. Naheshimu subira yake, ijapokuwa moyo wangu haukai huko.

Moyo wangu ulijifunza zaidi kwa bibi mmoja wa Unguja, ambaye sarafu zake hazizidi kumi na mbili. Alinionyesha reale ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile muda mrefu baada ya kufa kwake, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu hawakuiamini nyingine. Reale ile ilikuwa imetobolewa juu. Nikasema, kwa haraka ya ujana wangu, "Bibi, hasara iliyoje, tundu hili limeiondolea thamani." Akaichukua mkononi mwangu taratibu. "Mwanangu," akasema, "hapa ndipo ulipopita mkufu wa nyanya yangu siku ya harusi yake. Thamani unayoitafuta wewe ni ipi?" Sikuwa na jawabu.

Wala sikuwa nimezinduka bado, kwani mwaka ule ule nilipewa pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ile ya mwaka 1299 wa Hijra yenye picha ya mizani, nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Iling'aa, na maandishi yake yakafifia. Rangi ile ya hudhurungi iliyowekwa na mikono ya watu wengi haikurudi, na haitarudi. Naiweka mpaka leo mwanzo wa sanduku.

Ndipo nikaelekea kwenye sarafu za Kilwa, na huko sijatoka. Ni vipande vidogo vya shaba visivyo na tarehe, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande zote mbili zina kina kimoja, hata ukizigeuza unasoma kama asomaye beti. Taifa lililotia vina katika fedha ya kununulia samaki lina haki ya kujivuna! Na kwa kuwa hazina tarehe, ushahidi wake wote umo katika mahali zilipolala na katika zile zilizolala nazo. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili pamoja na dinari chache za dhahabu, na dinari zenye tarehe ndizo zilizowasemea wenzao walio bubu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi yake, akatia alama katika ramani. Ilipofika 1979 alipozipeleka kwa wajuzi, alama ile ndiyo iliyofanya habari yake iweze kufuatiliwa.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kwenu limo kopo la sarafu za wazee, usizisugue wala usizichanganye. Mwendee aliye hai anayezijua, muulize kila moja ilitoka kwa nani na ilinunua nini, uandike kwenye karatasi uiweke pamoja nayo. Na ukiiona moja imechomoza ardhini baada ya mvua, huko Kilwa au Mafia, iache hapo hapo ilipo, uwaite watu wa mambo ya kale.