Sinema ndani ya kaseti ya gemu

Mwaka 2005 Nintendo walitoa Japani kaseti iitwayo Play-Yan: unaichomeka kwenye Game Boy Advance SP, unatia memori kadi yenye video, unaangalia. Ujanja wake nausifu. Prosesa ya SP ina megahezi 16.78 tu, haiwezi kufungua MPEG-4 kwa kasi inayotakiwa, basi chipu ya kazi hiyo wakaiweka ndani ya kaseti yenyewe.

Tatizo ni kioo. Nukta 240 kwa 160, yaani 38,400. Simu yenye 1080 kwa 1920 inazo mara 54 ya hizo. Gemu limechorwa kwa nukta hizo, filamu hapana. Tia filamu ya Kihindi ya picha pana: inabaki mistari kama 102 hivi, na maandishi ya tafsiri yanakuwa makombo. Sasa mtu wa Unguja asiyejua Kihindi ataambulia nini? Nyimbo (si haba, lakini hadithi je?).

Ila SP ya mwanzo kioo chake hurudisha mwanga unaokipiga. Kaa Forodhani saa sita mchana: simu inageuka kioo cha kujitazamia, SP inaonekana. Jua likizama unawasha kitaa chake cha mbele, na weusi wote unakuwa kijivu. Na sinema, jamani, watu huangalia usiku.